Sura ya Sita: Ilitoka kwa Maji ya Kwanza

Drusilla alifika Tabaka Jumatatu saa nne asubuhi, sanduku lake la rangi likiwa kwapani na aibu imemjaa hadi kooni. Njia nzima alikuwa akijifunza la kusema. Alipoliona lango la mabati na lundo la mawe ya sabuni, yale laini ya kuchonga, kando yake, meupe na ya waridi, maneno yote yakamkimbia.

Uani alikuwa ameketi mama mmoja kwenye kigoda, beseni la maji mbele yake, akisugua kiboko mdogo wa jiwe kwa msasa. Drusilla alimtambua kabla hajainua kichwa. Kilikuwa kitambaa kilekile cha buluu, na mikono ileile mipana.

"Karibu, binti wa Nyabuto," mama yule alisema bila kushtuka. "Nilijua utakuja. Ila sikujua ni leo."

Drusilla alisimama pale langoni. Kama miguu yake ingekubali, angegeuka na kukimbia hadi barabarani.

Ilikuwa jana tu. Alikuwa kwenye meza yake mjini Kisii, katika kile kiwanja ambacho watoto hupelekwa Jumapili kurukaruka ndani ya kasri la plastiki lililojazwa upepo. Watoto aliwapaka rangi usoni: vipepeo, paka, chui. Vijana nao aliwachora tatuu za muda mikononi na shingoni, kwa rangi ileile ya uso, ambayo haidhuru ngozi na hutoka kwa maji na sabuni. Wachoraji mjini walikuwa wengi, lakini meza ya Drusilla ilikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho. Alipaka kwanza kiraka cheusi, na kabla hakijakauka akakikwangua kwa njiti ya kiberiti iliyochongwa, mistari ikatokea kwa rangi ya ngozi yenyewe. Watu walisimama foleni kwa ajili ya njiti hiyo.

Ufundi huo alifundishwa na Ogoti. Ndivyo wachongaji wa Tabaka wanavyopamba bakuli: hulipaka rangi, kisha hulikwangua taratibu mpaka weupe wa jiwe uchungulie.

Ogoti mwenyewe alikuwa mchongaji, na kwa mwaka mmoja na nusu moyo wa Drusilla ulikuwa kwake. Kila Jumapili baada ya misa alikuja mjini, akaketi kwenye kiti cha wateja, akakunja mkono wa shati na kuutoa mkono wake uwe mfano wa kuonyesha wapita njia. Kwao Drusilla, kule Kebirigo, hakuna aliyejua. Baba yake ni mzee wa kanisa la Sabato, na katika nyumba yake hata hereni haiingii. Mzee Nyabuto aliambiwa kwamba binti yake anauza daftari na kalamu katika duka la mjini, naye akaamini, kwa sababu hakuwa na sababu ya kutoamini.

Jana hiyo Drusilla alikuwa akimchora Ogoti majani ya chai mkononi. Alitaka yawe majani mawili na chipukizi, vile wachumaji wanavyochuma. Alikuwa amemaliza majani mawili wakati mama mmoja wa makamo alipokuja kusimama mbele ya meza.

"Kazi nzuri," mama alisema. "Wewe si binti wa Nyabuto wa Kebirigo, yule mzee wa kanisa?"

Drusilla aliona rinda refu, kitambaa cha buluu, masikio yasiyo na hereni. Akajua huyu ni mama wa Dorkasi, kile chama cha akina mama wa kanisa, na kwamba kabla ya Sabato ijayo habari itakuwa imefika kwa Tata, baba yake.

"Ndiyo, mama."

"Na kijana huyu ni nani wako?"

Ogoti aliinua uso. Drusilla aliliona hilo kwa pembe ya jicho, lakini hakumtazama.

"Huyu? Simjui, mama. Ni mteja tu." Na kwa kuwa mama bado alisimama, akaongeza na kicheko juu: "Mimi nitamjulia wapi mtu wa vumbi la mawe?"

Mama aliitikia kwa kichwa, akashukuru, akaenda zake. Ogoti alikaa kidogo. Kisha akateremsha mkono wa shati juu ya yale majani mawili ambayo hata hayakuwa yamekauka.

"Asante, dada," alisema, kwa sauti ya mteja. Akaondoka.

Kaltuma, anayewachora maharusi hina kwenye meza ya jirani, ndiye aliyeona yaliyofuata. Alirudi kutoka kununua soda, akainama karibu na sikio la Drusilla.

"Mwanangu, yule mama na kijana wako wamepanda gari moja la Tabaka. Na pua yao ni moja, wallahi. Yule ni mtu wake."

Ndipo Drusilla alipoelewa. Esigani. Kabla ukoo haujaenda kuposa, hutuma kwanza mtu mmoja wa kuchunguza, mwenye macho makali na mdomo wa kufunga, akamwone msichana pasipo kujitambulisha. Ogoti alishamdokezea kwamba shangazi yake angekuja siku moja. Drusilla alidhani angemwona akiingia kwao Kebirigo na kikapu, mchana kweupe, watu wote wakijua. Kumbe alikuja kama mpita njia, kama desturi inavyotaka. Naye Drusilla akamkana Ogoti mbele ya mtu yuleyule aliyetumwa kumtakia mema.

Kaltuma hakumgombeza. Alizichukua brashi ambazo Drusilla aliziacha mezani bila kuziosha, akaziosha yeye, moja moja, akazipanga sandukuni.

"Jambo hili usilale nalo zaidi ya usiku mmoja," alisema. "Kesho asubuhi, nenda."

Ndivyo alivyofika hapa, langoni.

"Mbona umesimama kama mtu wa sensa?" shangazi yake Ogoti alisema. Jina lake ni Nyanchoka. "Ingia. Kuna kigoda pale."

"Shangazi, nimekuja kuomba..."

"Umekunywa chai?"

"Hapana."

"Basi kunywa uji kwanza. Usije ukaniomba msamaha na tumbo tupu, uzimie, tuanze kukupepea."

Alimletea uji wa wimbi kwenye kikombe cha bati. Drusilla aliunywa huku macho yakimwasha. Angependa kutukanwa. Matusi angejua namna ya kuyapokea, lakini uji huu wa moto, uliotiwa sukari kana kwamba amekuja mgeni wa heshima, ulimchoma kuliko tusi.

Kikombe kilipoisha, Nyanchoka alimpa kipande cha jiwe na msasa.

"Sugua. Mikono ikiwa na kazi, sauti haitetemeki."

Drusilla akasugua. Maji ya beseni yakageuka maziwa, na ute mweupe ukampanda vidoleni, ukaingia kwenye kucha, ukakauka hadi kwenye kifundo. Lilikuwa ndilo vumbi lile alilolicheka. Aliinamisha kichwa ili machozi yaangukie majini yasionekane.

"Mama yake alikufa Ogoti akiwa darasa la pili," Nyanchoka alisema, akiendelea na kiboko wake. "Nilimlea kwa hili vumbi. Sare, viatu, karo, yote yalitoka kwenye beseni kama hili. Sisemi ili ulie. Nasema ili ujue ulichokuwa unakitaja."

"Nilikosa, shangazi. Nilikosa sana."

"Ulikosa. Na unajua nilikuja nikiwa nimeshakupenda? Nilishauliza kwenu. Watu wakaniambia baba yako ni mtu wa haki, na mama yako akikamua, jirani mwenye mtoto mchanga hakosi kikombe. Lililobaki lilikuwa kukuona wewe tu kwa macho."

"Na ulichokiona..."

"Niliona msichana mwenye woga. Ulicheka kama mtu anayemeza kwinini."

Drusilla hakujua alie au acheke. "Umewaambia nini wazee wa ukoo?"

"Bado. Jibu natakiwa kulitoa Jumapili hii: twende Kebirigo au tusiende." Nyanchoka aliweka kiboko chini. "Sasa nitasema nini, mwanangu? Nikisema twende, wataniuliza, je, yeye anamtaka kijana wetu? Na mimi si mtu wa kuongeza chumvi. Nitajibu nilichosikia. Alisema hamjui."

Mlango wa kibanda cha kuchongea ulifunguka. Ogoti akatoka, panga fupi mkononi, nyusi na kope zikiwa nyeupe kwa vumbi. Alipomwona Drusilla alisimama. Ile nuru iliyokuwa ikimjia usoni kila Jumapili alipoikaribia meza haikuja.

"Habari, dada," alisema.

Neno hilo lilimpiga Drusilla kifuani. "Ogoti, usiniite hivyo."

"Nikuite nani? Mimi ni mteja."

"Ogoti," Nyanchoka alisema kwa upole, "weka panga chini kwanza. Ugomvi na panga haviendi pamoja."

Aliliweka. Drusilla aliinuka, mikono ikidondosha maji meupe, wala hakuthubutu kusogea.

"Nilidhani ni mama wa kanisa letu. Niliogopa atamwambia Tata."

"Sikukasirikia hilo." Ogoti alizungumza polepole. "Hata mimi sikujua kwamba shangazi angekuja jana. Nilipomwona nilifurahi, Dru. Nikasema moyoni, leo atamsikia mwenyewe. Nikanyoosha mkono vizuri ili mchoro wako aupende." Alijifuta vumbi kwenye nyusi. "Ungesema ni rafiki. Ungesema ni kijana anayenisaidia kazi. Kutoka 'huyu ni wangu' hadi 'simjui' kuna maneno mengi katikati. Uliyaruka yote."

"Nilijua ni kosa hata nikiwa nasema."

"Na vumbi je? Hilo aliliuliza nani?"

Drusilla aliitazama mikono yake, myeupe kwa vumbi hilo. Alikuwa ameliongeza bure, kama mtu anayetia mbolea kwenye shamba la uongo ili uote haraka.

"Hakuna aliyeniuliza," alisema hatimaye. "Nilitaka uongo ufanane na kweli. Nikachukua kitu chako cha heshima, nikakitumia. Njiti ninayochorea ulinipa wewe. Ninakula kwa ufundi wa Tabaka, halafu nikaitukana Tabaka. Nimekaa usiku mzima nikijisikia nikisema yale maneno. Naona haya, Ogoti. Naona haya hata kukutazama."

Alitaka kuona kama yale majani mawili bado yako mkononi mwa Ogoti. Ogoti aliligundua hilo, akakunja shati hadi kiwiko. Ngozi ilikuwa safi. Hakukuwa na jani hata moja.

"Nilidhani itanipa taabu," alisema. "Nilichota maji, nikatafuta sabuni, nikajiandaa kusugua. Ilitoka kwa maji ya kwanza, Dru. Hata sabuni sikuifikia. Nikabaki nimeshika beseni, nikajiuliza, kumbe yote yalikuwa mepesi hivi?"

Nyanchoka aliinama akatafuta kitu ambacho hakikupotea, ili wasiuone uso wake.

Drusilla alifuta mikono kwenye sketi. Akalifungua sanduku, akatoa kidonge cha rangi nyeusi ya uso, brashi, na njiti ya kiberiti. Akamnyooshea.

"Nichore wewe," alisema. "Yale majani. Mkono wa kushoto, mahali ambapo kila mtu ataona. Leo naenda nyumbani kwa Tata nikiwa nayo."

"Ili uyaoshe kwenye mto wa kwanza?"

"Nilistahili hilo."

"Sikulisema kukukomoa. Nauliza."

"Sitayaosha. Tata ataniuliza ni nani, nami nitamwambia. Baada ya hapo, shangazi akisema msije, msije. Lakini jibu lake lisiwe lile nililompa jana."

Ogoti alimtazama kwa mara ya kwanza tangu atoke kibandani. Alimtazama usoni, halafu akaiona mikono yake, weupe wa jiwe ukiwa umekauka hadi kwenye vifundo, na kucha zilizojaa. Kitu fulani kikalegea kwenye taya lake.

"Kaa," alisema.

Aliketi. Ogoti akaosha mikono mara mbili, akaushika mkono wa Drusilla kwa kifundo, kwa vidole vigumu vyenye makovu ya visu. Walikuwa wameshikana mikono mara nyingi, lakini kila mara Drusilla ndiye aliyekuwa mchoraji, yeye ndiye aliyeshika. Hakujua kwamba aliyeshikwa husikia kila pumzi ya mwenzake kwenye ngozi. Brashi ilikuwa baridi. Ogoti alipaka kiraka, akasubiri, akaanza kukwangua, ulimi ukitokeza kidogo pembeni mwa mdomo, vile anavyofanya akiwa na bakuli la thamani. Mara moja njiti iliteleza.

"Umeharibu?" Drusilla aliuliza kwa kunong'ona.

"Wewe usipumue sana."

"Nisipopumua nitakufa."

"Kufa kidogo. Namalizia jani la pili."

Nyanchoka alikohoa kule alikokuwa. Drusilla alicheka, kicheko kikageuka kwikwi, na Ogoti hakuuachia mkono wake. Alimngoja atulie. Kisha akachora chipukizi, lile ambalo jana lilikosa nafasi.

Wingu lilikuwa limeanza kujikusanya upande wa Nyamira. Mvua ya alasiri huko kwenye chai haina mchezo, na rangi ya maji haingeistahimili. Nyanchoka aliliona hilo kabla yao. Alileta magazeti makuukuu, yale anayofungia vinyago vya kusafiri mbali visivunjike, akauzungushia mkono wa Drusilla taratibu bila kuubana, akamalizia kwa mfuko wa plastiki na kamba ya katani.

"Haya," alisema, akiupigapiga kidogo. "Hii inafika hata ng'ambo."

Hakusema amesamehe. Ogoti pia hakusema. Alimsindikiza hadi langoni, akasimama pale, na Drusilla alipogeuka kwenye kona alimkuta bado amesimama.

Saa kumi na moja Drusilla alishuka Kebirigo, manyunyu yakianza. Kwenye njia ya kwenda kwao alikutana na mama Beverlyne, wanayekaa naye benchi moja kanisani, akiwa na kikapu tupu cha majani ya chai mgongoni.

"Uwii! Drusilla, umevunjika mkono?"

Jibu jepesi lilikuwa pale mdomoni. Lingetosha neno moja, na mama yule angempa pole na kumbebea sanduku.

"Hapana, mama. Nimechorwa."

"Umechorwa?"

"Nimechorwa. Namwendea Tata nimwonyeshe."

Mama Beverlyne aliutazama ule mkono uliofungwa, akamtazama usoni. Lo, alikuwa na maswali. Lakini aliyameza, akavua kipande cha nailoni alichojifunika nacho, akamtupia Drusilla begani. "Basi usilowe," alisema.

Baba yake alikuwa ameketi barazani kwenye benchi, amevua mabuti, amerejea kutoka kupeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai. Mama yake, Nyamusi, alikuwa akipepeta wimbi. Wote wawili walisimama walipouona mkono.

"Sijaumia," Drusilla aliwahi kusema. "Ketini, tafadhali. Tata, keti."

Akafungua kamba. Akatoa plastiki, akatoa magazeti, karatasi moja baada ya nyingine. Mchoro ulikuwa mzima, mweusi, mistari yake myembamba kama mishipa ya jani la kweli.

Mzee Nyabuto aliutazama kwa muda mrefu.

"Nani amekufanyia hivi?"

"Ogoti, Tata. Mchongaji wa Tabaka. Na mimi pia ndiyo kazi yangu. Nachora watu mjini. Sijawahi kuuza daftari hata moja."

"Tangu lini?"

"Miaka miwili."

Nyamusi aliuweka ungo chini. Drusilla akaeleza yote: meza, Jumapili, Ogoti, mama wa kitambaa cha buluu. Habari ya vumbi aliiacha mwisho, na alipoifikia aliyasema maneno yale kama alivyoyasema jana, bila kuyapunguza. Mvua ikaanza kuchapa mabati. Ilipotulia kidogo, baba yake bado alikuwa akiutazama mkono.

"Huyu si mtu wa chai," alisema. "Chipukizi haliinami hivyo. Limetazama chini kama mtoto aliyechapwa."

"Ni mtu wa mawe, Tata."

"Naona." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Mambo ya kuchora, tutazungumza Mungu akinipa maneno. Kunidanganya pia tutazungumza, na sitafurahi. Lakini huyo mama. Ametoka kwake kwa heshima kumtafuta mtoto wangu, na mtoto wangu akamkana kijana wake mbele ya macho yake. Kwa sababu yangu?"

"Niliogopa, Tata."

"Nimekuwa mtu wa kuogopwa kiasi hicho?"

Mkewe alikuwa ameyashusha macho kwenye wimbi. Mzee Nyabuto aliliona hilo, na Drusilla, kwa mara ya kwanza maishani, aliona aibu kwenye uso wa baba yake. Ilimuuma kuliko ile yake.

"Nenda ukaoshe," baba yake alisema baadaye.

"Tata, nilimwahidi kwamba..."

"Ulimwahidi utafika nayo, umefika. Mimi na mama yako tumeona. Sasa osha, kisha urudi hapa uniambie tena, mkono ukiwa mtupu. Leo umesema kwa sababu rangi imekushika. Nataka kusikia utasema nini ikishatoka."

Jikoni mama yake alimimina maji ya uvuguvugu kwenye karai, akamshika kifundo, akamwosha yeye mwenyewe kwa kidole gumba, polepole, kama alivyomwosha uso alipokuwa mdogo. Chipukizi likaenda kwanza. Halafu jani moja, halafu la pili. Maji yakawa meusi. Drusilla aliyaangalia, akasikia uchungu alioupata Ogoti akiwa peke yake na beseni lake. Kweli, sabuni haikuhitajika.

"Ana adabu?" mama yake alinong'ona.

"Ana adabu, Mama."

"Na anakula vizuri? Wachongaji wengine ni wembamba."

"Mama!"

Nyamusi akamfuta mkono kwa leso yake, akamsukuma kidogo mgongoni.

Barazani mvua ilikuwa imekatika. Baba yake hakuwa amesogea. Drusilla alisimama mbele yake, mkono ukiwa mtupu na wenye unyevu. Hapakuwa na cha kuonyesha. Hakucheka, wala hakutazama pembeni.

"Anaitwa Ogoti, Tata," alisema. "Kwao ni Tabaka. Namjua."

Mzee Nyabuto alisogea kwenye benchi, akamwachia nafasi.

"Keti," alisema. "Na huyo shangazi yake, anaitwa nani?"